Mstari Ukutani

Kambini, tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alinifundisha, si kwa sababu unaistahili.

Siku ya Jumanne alipita hapa jirani yetu wa nyumbani, dereva wa lori. Alikuwa anapeleka saruji mbele huko, akasikia kuna mtu wa kwao anachimba katika huu mji wa kale, akaegesha akaja kunisalimu. Nilifurahi kama mtoto aliyeletewa viatu. Nikamkalisha juu ya ndoo, nikampa chai, nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema wote wazima. Halafu akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyeficha neno.

"Lakini chumba chako, bwana. Bila shaka unajua."

"Najua nini?"

"Dada yako kaziba mlango. Kwa matofali. Pale palipokuwa na mlango sasa ni ukuta."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Akaniambia hata aina ya matofali: mapana, ya kizamani, yamepangwa ovyo kama viatu mlangoni. Hapo nikajua ni kweli, maana hakuna fundi anayejenga hivyo. Umejenga mwenyewe. Matofali sijui umeyatoa wapi. Labda umebomoa banda la kuku la Baba, maana wewe ukishaanza kubomoa huna breki.

Dada, nina miaka sita hapa. Tunalala watu tisa kwenye banda la mabati. Rafiki yangu Kipara hulala miguu yake ikiwa kichwani kwangu, na si miguu ya kusifia. Kutwa nzima nachimba nyumba za watu waliokufa zamani, nafagia sakafu zao, navijua vyumba vyao kuliko ninavyowajua wenye uhai. Jioni nikinyoosha mgongo najiambia: na mimi ninacho changu. Kile chumba nilikijenga na Baba. Ardhi ilishuka upande ule, tukashindwa kuijaza, Baba akasema basi, atakayelala humo atateremka ngazi tatu kama anaingia kisimani. Miezi minne baadaye alikufa. Ndicho kitu changu cha pekee chini ya jua, na wewe umekifanya kaburi.

Si hilo tu. Dereva anasema ukuta wa ndani una mstari mweusi wa uchafu, kutoka chumbani kwa Mama hadi jikoni, kama vile ng'ombe anapita hapo kila siku kujikuna. Hata kupaka chokaa kunakushinda? Wewe uliyenichapa nikiwa mdogo kwa alama ya kidole kimoja mlangoni?

Na Mama je? Zamani kila barua yako ilikuwa na maneno yake chini, kwa mkono wake. Sasa ni mwaka na nusu sioni hata nukta. Umemnyima kalamu pia?

Fungua mlango wangu. Sitasema mara ya pili.

Mdogo wako wa tumbo moja, uamini usiamini


Nyumbani, tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Na mimi naipokea kwa sababu hiyo hiyo.

Barua yako nimeisoma karakanani wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye cherehani yangu. Wenzangu wakaniuliza mbona nacheka. Nikawaambia mdogo wangu kasema hatasema mara ya pili. Huyo ni mtu aliyeondoka akituambia anakwenda miezi mitatu.

Mlango nimeuziba mimi, kwa mikono hii. Unasema nimejenga ovyo. Sawa, mimi ni fundi wa nguo, hata nikijenga nashona. Lakini ukuta haujaanguka, na utakaa hapo hapo.

Usiniulize kwa nini. Sababu ninayo, na si ya kukupa wewe. Vitu vyako vimo ndani vyote: kitanda, sanduku la bati, na ile redio mbovu uliyokataza isiguswe. Haijaguswa. Banda la kuku nalo limesimama. Kuku ndio hawapo; walikuona umeondoka wakadhani ndiyo desturi ya nyumba hii.

Chokaa sikupaka kwa sababu Mama hataki. Kasema ukuta ule usiguswe. Nikimkaidi utasema namtesa, nikimtii unaniita mchafu. Chagua kosa moja unipe nilivae, mawili hayanitoshi mwilini.

Kuandika amechoka. Ni mtu mzima, na mkono nao huzeeka. Anakusalimu. Kila asubuhi, kabla hajauliza mimi nimelalaje, anauliza wewe umeandika nini. Namsomea. Hii yako ya safari hii nimemsomea habari za chai na za miguu ya Kipara, akacheka mpaka akashika mbavu. Yaliyobaki nimeyaruka. Umenifanya mwongo katika nyumba ya baba yangu, na hilo nakuwekea.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lala na miguu ya Kipara.

Dada yako


Kambini, tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nakuletea habari zako. Zimekutwa chini ya ardhi, kina cha watu wawili.

Wiki tatu hizi tumo katika nyumba moja. Ni ya matofali ya udongo, na watu wake waliishi miaka kama elfu nne iliyopita, kwa hesabu ya mama msomi anayetuongoza. Sisi tunamwita Mama Brashi, maana sururu haigusi. Kutwa amepiga magoti na brashi anasafisha kitu kidogo kama jino. Ni mkali, lakini ukimuuliza anaeleza. Amenifundisha kutazama. Sakafu ya nyumba ile si moja. Kila ilipochakaa waliisiriba upya, na tulipoikata tukahesabu sakafu thelathini na mbili, nyembamba kama kurasa za daftari. Kwenye tofali moja kuna wayo wa mbwa aliyekanyaga kabla halijakauka. Kuna jiwe la kusagia nafaka lililolika katikati, na mbele yake sakafu ina mashimo mawili madogo. Nilidhani ni ya vyungu. Mama Brashi akasema, "Piga magoti." Nikapiga, magoti yangu yakaingia. Mtu alisaga pale kila siku ya maisha yake. Jina lake hakuna anayelijua, lakini magoti yake nimeyavaa.

Sasa sikiliza. Chumba cha nyuma kina mlango, na mlango umezibwa. Kwa matofali yasiyofanana na ya nyumba: mapana, yamepangwa ovyo, udongo umebandikwa kwa mkono mtupu, na alama za vidole zipo mpaka leo. Vidole vyembamba. Mama Brashi akasema huenda ndugu waligombana, mmoja akamfungia mwenzake nje. Kipara, ambaye nilishamweleza mambo yetu, akasema, "Kumbe dada yake huyu bwana alianza zamani." Shimo zima likacheka. Mimi nilivitazama vile vidole nikakujua.

Miaka elfu nne, Dada! Lugha yao imekufa, mji wao umekuwa kichuguu, lakini kinyongo cha ndugu kimesimama wima, hakijadondoka hata tofali moja. Na wewe utakumbukwa kwa hicho hicho. Atakuja mtu na brashi siku moja, atapiga magoti mbele ya ukuta wako, atasema hapa aliishi mwanamke mwenye roho ya jiwe.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Usipofungua, namwandikia Baba Mdogo. Yeye ni mwashi, ana nyundo na tindo, na ni ndugu wa baba yetu. Huwezi kumfukuza mlangoni. Na nataka maneno ya Mama kwa mkono wake mwenyewe. Hata matano. Nisipoyaona nitajua umemfanya mfungwa.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Usimwandikie Baba Mdogo. Nakuomba. Hilo neno hujawahi kulisikia kutoka kwangu, kwa hiyo litazame vizuri ulitunze, hutalipata tena.

Sababu siwezi kukuambia. Nimeapishwa. Nilishikwa mkono nikaapa, na aliyeniapisha unamjua na unadai kumpenda. Ungekuwa na akili ya kuku wale waliohama, ungekomea hapo.

Unajivunia kujua magoti ya mtu aliyekufa zamani. Hongera. Mimi je, magoti yangu unayajua? Unajua ni nani anayeamka alfajiri katika nyumba hii, anachemsha maji, anakwenda kukaa kwenye cherehani mpaka jioni, anarudi mbio kwa sababu kuna jambo analoliogopa kila anaposhika kitasa? Hujui. Wafu unawapigia magoti, sisi unatuandikia kama karani wa polisi.

Unataka maneno ya Mama. Haya hapa chini. Ameandika mwenyewe, mimi nimeshika karatasi tu.

Dada yako

*Mwanangu kula vizuri. Usigombane na dada yako. Mimi mzima.*


Kambini, tarehe 14 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kifua kimekuachia.

Nakusumbua kwa jambo la aibu. Dada ameziba mlango wa chumba changu kwa matofali. Nimemwandikia kwa upole, hasikii. Nimemtaka Mama aniandikie, nikaletewa maneno ya kuandikishwa: mwandiko umepinda, mistari imepandana, neno la mwisho limetoka nje ya karatasi. Ni mkono wa mtu anayeandika kwa woga, amesimamiwa.

Mimi niko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe ndiye baba sasa. Nenda mchana, Dada akiwa karakanani, uvunje ukuta huo. Chumba nilikijenga na kaka yako. Usiniangushe.

Mwanao


Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua bado, lakini nyundo naibeba.

Kazi imekwisha. Nilifika juzi saa nne asubuhi. Mama yako mzima kabisa, tena mchangamfu. Hata sijapiga hodi, nakohoa tu uani, nasikia, "Karibu shemeji." Kanijua kwa kikohozi! Akanivutia kiti, akaenda jikoni akaniletea maji mwenyewe, anatembea taratibu kama malkia, mkono mmoja ukutani. Uzee ule. Hakunitazama usoni hata mara moja. Kaka yangu alioa mwanamke mwenye heshima zake.

Nikamwambia nimetumwa na mwanawe nifungue mlango. Akauliza, "Kasema hivyo yeye mwenyewe?" Nikamwambia nina barua yake mfukoni. Akasema, "Basi fungua, shemeji. Kama anataka mlango, anarudi." Ukitaka kujua kama anafungwa mdomo, jibu ndilo hilo. Alisimama pale muda wote nikigonga, anatabasamu.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa dhihaka, nilimaliza kabla ya saa saba. Ndani sikuingia, vumbi lilikuwa zito na kifua changu unakijua. Nikaliacha litulie lenyewe. Matofali ni mazuri, mapana. Nimeyapanga nje, yatafaa kwa kazi nyingine. Nikaondoka mapema nisikutane na dada yako, maana ulimi wake naujua.

Nyumba njema si mlango, lakini na mlango nao ni kitu. Njoo ulale chumbani kwako.

Baba Mdogo wako


Kambini, tarehe 5 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo naiandika kwa sababu unaistahili.

Kabla ya yote: nilimwandikia Baba Mdogo, na jibu lake bado halijanifikia. Kama hajafika, mzuie. Mwambie nimefuta maneno yangu. Mlalie mlangoni ikibidi.

Wiki iliyopita tulianza kusafisha kuta za ile nyumba. Udongo ulioganda juu ya lipu unautoa kwa kijiti na brashi, kiganja kwa kiganja, mpaka shingo inakufa ganzi. Pakatokea mstari. Upana wake kiganja, usawa wake kiuno, na lipu hapo imelainika ikang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Unaanzia kwenye kitanda cha udongo. Unafuata ukuta, unapinda kwenye kona, na kona yenyewe imelika ikawa mviringo. Unafika kwenye jiwe la kusagia, kisha kwenye mtungi wa maji, kisha mlango wa nje. Mama Brashi akasema huenda ni pambo. Msimamizi akasema ni mbuzi waliokuwa wanajisugua. Nikamuuliza, "Mbuzi gani anatoka kitandani kwenda mtungini?" Kipara akasema, "Mbuzi wa matajiri."

Mchana wenzangu walikwenda kivulini kula, mimi nikabaki shimoni. Sijui nini kilinituma. Nilifumba macho, nikaweka kiganja kwenye mstari, nikatembea. Dada, sikujikwaa. Nilifika kwenye kona, kona ikanigeuza. Nilifika kwenye jiwe, mguu ukakutana nalo taratibu. Nilipofika kwenye mtungi, mkono wangu wa pili ulishuka wenyewe ukakuta shingo ya mtungi pale pale. Nikasimama nimefumba macho kwenye jua, nikajua aliyeishi humo alikuwa nani. Alikuwa kipofu.

Halafu nikaufuata mstari upande wa chumba cha nyuma. Unapita juu ya mlango uliozibwa. Umeyapita yale matofali mapana bila kukatika. Kwa hiyo mlango ulizibwa, na yule mtu aliendelea kupita hapo miaka mingi, kwa mkono, salama. Nikamwita Mama Brashi. Siku mbili tukachimba upande wa pili. Nyuma ya mlango ule sakafu iko chini kabisa, karibu kimo cha kiuno, na ngazi hakuna. Zilikuwepo. Alama zake tatu zimebaki kwenye lipu ya pembeni kama ufizi ulioachwa na meno. Mama Brashi akapima alama, akapima tofali moja la kwenye kizibo, vikalingana. Ngazi ndizo zilizozibia mlango. Alinikabidhi brashi yake akaenda kukaa peke yake.

Hawakugombana, Dada. Mtu mwenye vidole vyembamba alimwogopea mtu mwingine asianguke. Na mimi nilisimama mbele ya vidole vile nikawatukana, nikakutukana na wewe.

Nilikaa kwenye sakafu ya watu, nikaanza kukumbuka kama mpumbavu. Mstari mweusi kutoka chumbani kwa Mama hadi jikoni. Chokaa anayoikataa. Maneno yaliyopandana, la mwisho limetoka nje ya karatasi. Umeapishwa. Tangu lini, Dada? Ule mwaka na nusu wote? Kwa nini nifichwe mimi?

Bado kuna jambo moja. Baba alichonga kalibu pana akafyatua matofali mapana mara moja tu maishani mwake. Nilikuwepo, udongo wake niliukanyaga mimi. Dereva aliponitajia upana nilikumbuka, nikajilazimisha kufikiria banda la kuku. Yale yalikuwa matofali ya ngazi zangu.

Dada, ya kuzibia mlango uliyatoa wapi?

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 26 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Unajua nilikoyatoa.

Macho yake yalianza kwenda mwaka juzi, mwishoni mwa mwaka yakazimika. Aliniapisha siku ile ile. Alisema ukijua utarudi kwa kumhurumia, na yeye hataki kuhurumiwa na mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kutembea. Urudi kwa kutaka. Nikaapa. Akaanza kujifunza nyumba upya kwa mkono, na baada ya miezi mitatu jirani akija hajui kitu. Ulichokiita uchafu ni kiganja cha mama yako.

Tatizo lilikuwa chumba chako. Kila siku alikwenda kukung'uta shuka za mtu asiyekuwepo. Siku moja aliteleza kwenye ngazi akapasuka juu ya jicho. Nikamkataza, hakusikia. Ndipo nikauziba mlango. Matofali sikuwa nayo, na zile ngazi nilizichukia, zilikuwa na damu yake. Nikazing'oa zote tatu, nikapanda juu kwa kukanyaga ndoo, nikajenga. Nilimwambia mlango nimeuziba. Kuhusu ngazi sikumwambia. Nilidhani hakuna atakayefungua pale Mama akiwa hai.

Baba Mdogo aliondoka saa saba. Mimi nilirudi saa kumi na moja jioni, nikakuta vumbi mpaka ndani ya sufuria, matofali yamepangwa nje kama ya kuuza, na mlango wako wazi. Mama alikuwa chini mle ndani, amelalia ubavu, uso umejaa vumbi jeupe. Alikuwa hapo tangu saa nane. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi ilipo: "Ngazi ya kwanza iko wapi?"

Alizihesabu enzi za macho yake, unaelewa? Alijua ni tatu. Alinyoosha mguu mahali ambapo mumewe alimwekea tofali.

Ni nyonga. Daktari kasema hatatembea tena. Barua yako ya kusema mzuie Baba Mdogo ilifika siku ishirini na tisa baadaye. Nilimsomea yote, safari hii sikuruka neno. Alipenda habari za mtungi. Alisema huyo mwanamke wa zamani alikuwa na nyumba iliyopangwa vizuri. Nikamwambia haijulikani kama ni mwanamke. Akasema, "Mwanamume angekaa kitandani aletewe maji."

Nakutukana moyoni kila ninapombadilisha nguo, na sijaacha. Lakini wewe hukujua macho, na yeye hakujua ngazi. Mimi nilijua vyote viwili nikanyamaza. Kwa hiyo nikishakutukana wewe huwa naanza upya na mimi.

Tulitaka kumrudisha chumbani kwake, akakataa. Kasema yeye alikuwa anakuja huku, na amefika. Analala kwenye kitanda chako. Redio yako anaigusa, tena kaamrisha itengenezwe. Mlango wako uko wazi kama ulivyodai, umeshinda. Ila chumba kina mtu.

Jana nikibadilisha shuka niliona ukuta wa kando ya kitanda. Umeanza kubadilika rangi. Kutwa anapitisha kiganja hapo, anakwenda anarudi, usawa wa mtu aliyelala. Mstari wenyewe hauendi popote. Unaanzia kwenye mto unaishia pale mkono unapoishia.

Wewe ndiye unayejua kusoma kuta. Njoo uusome huu. Ukifika teremka polepole, mimi bado napanda na kushuka kwa ndoo. Matofali yako yapo nje pale yalipopangwa, na mimi ni fundi wa nguo.

Dada yako